Baskeli ya Uholanzi kwa aliyezoea barabara ya Makunduchi

Swali: Assalaam alaykum mwalimu, shikamoo. Mimi ni msichana wa Makunduchi. Baskeli nimeianza skuli na mpaka leo ndiyo inayonifikisha kazini. Mwezi wa tisa, Inshaallah, nakwenda Uholanzi kusoma shahada ya pili ya kilimo, mji wa Wageningen. Walionitangulia wanasema kule bila ya baskeli maisha hayendi. Nitegemee nini barabarani? Nahofia kuendesha upande wa kulia, nahofia baridi na sijui kama baibui litanifaa. Mama anasema nipande basi tu. Na baskeli ninunue mpya au mtumba? Mtoto wa khaloo yangu yuko Rotterdam, nitaweza kumfuata na baskeli kwenye treni?

Jibu: Waalaykum salaam, na marahaba mwanangu. Hongera kwa nafasi uliyoipata. Nilifanya kazi kwa miaka katika karakana ya baskeli mjini Utrecht, na tangu nirudi Unguja nafundisha vijana kuendesha barabarani, basi swali lako nimelipokea kwa furaha. Nitakujibu kwa urefu, maana yapo mambo ambayo mtu akiyajua kabla ya kupanda ndege humwepusha na maumivu.

Kuendesha unajua. Miguu iliyozoea njia za Makunduchi haitashindwa na njia za Wageningen. Kitakachokusumbua ni adabu ya barabara, na hiyo unayo tayari, ila ni ya huku. Hapa kwetu mwenye baskeli humpisha kila mtu. Dala-dala ya 310 ikipiga honi nyuma yako unaingia mchangani, na ikishapita unarudi kwenye lami. Umelelewa kwa kanuni moja: chombo kikubwa kinapita, kidogo kinajiepusha. Kanuni hiyo ndiyo iliyokuweka hai mpaka leo, na ndiyo utakayolazimika kuiwacha uwanja wa ndege. Uholanzi mwenye baskeli ana zamu yake, imechorwa chini kwa rangi, na madereva wanatarajia aitumie. Ukisita pale ambapo zamu ni yako, ukasimama ghafla ili gari ipite, dereva aliyekwisha kupunguza mwendo hajui unataka nini, na mwenzako wa baskeli aliye mgongoni mwako anakuparamia. Na ukienda pale ambapo zamu si yako, kwa kudhani kwamba Ulaya baskeli hupishwa kila mahali, unagongwa. Wengi wanaoumia katika miezi yao ya mwanzo wanaumia kwa moja kati ya mawili hayo, woga au kujiamini kupita kiasi.

Kwa hivyo jifunze zamu kabla ya kujifunza njia. Kwenye njia panda isiyo na alama yoyote, anayetoka kuliani mwako anatangulia, awe na gari au baskeli. Tangu Mei 2001 haki hiyo ni ya baskeli sawa na gari. Kabla ya hapo baskeli ilikuwa ikiisubiri gari hata kama imetokea kulia. Mitaa ya makaazi ya Wageningen imejaa njia panda za namna hiyo, hazina kibao wala taa, na kila mtu anageuza shingo kulia na kuamua. Anayekwenda moja kwa moja kwenye barabara ile ile anamtangulia anayekata kona. Penye pembetatu nyeupe zilizopangwa chini, Waholanzi huziita meno ya papa, tazama ncha zinaelekea wapi. Zikikuelekea wewe, unapisha. Zikimwelekea mwengine, yeye anakupisha, nawe endelea kwa mwendo ule ule bila ya kusita. Na ukitoka kwenye kichochoro au uwanja kwa kupita juu ya njia ya waenda kwa miguu, unampisha kila mtu, hata anayetembea.

Kipilefti ndiyo sehemu ya kuangalia zaidi. Kwanza huzungukwa kinyume na tulivyozoea pale Amani: unaingia kwa kulia na kuzunguka huku kisiwa cha katikati kikiwa kushotoni mwako. Pili, ndani ya miji baskeli inayozunguka kwa kawaida ina haki mbele ya gari inayoingia au kutoka, lakini nje ya miji mara nyingi mambo hugeuka na baskeli ndiyo inayosubiri. Usiweke kichwani kwamba "kipilefti ni zamu yangu". Angalia meno ya papa kila unapofika, hata kwenye ile unayoipita kila siku, mpaka macho yazoee kuyatafuta yenyewe.

Hofu yako ya upande wa kulia ni ya haki, lakini haitakupata pale unapoitarajia. Penye gari nyingi hutakosea, kwa sababu utawafuata wenzako. Hatari ni saa ya utulivu: asubuhi mapema, mtaa mtupu, unatoka uani na kuingia barabarani, mwili unachagua kushoto peke yake. Au unarudi usiku umechoka, unakata kona na kuangukia upande wa nyumbani. Kwa wiki za mwanzo, kila unapopanda baskeli jiambie kwa sauti: kulia. Kona ndogo ni ya kulia, kona kubwa ni ya kushoto. Ukivuka kwa miguu tazama kushoto kwanza, na hapo hapo kumbuka kwamba njia nyingi za baskeli zina pande mbili, kwa hivyo baskeli inaweza kukutokea kulia wakati gari zinatoka kushoto. Geuza shingo pande zote mbili hata kama barabara ina uelekeo mmoja.

Njia yenyewe utaijua kwa rangi. Nyingi zimewekwa lami nyekundu. Kibao cha duara la buluu chenye baskeli nyeupe kinakulazimisha kuitumia njia hiyo, huruhusiwi kuendesha baskeli pamoja na magari kwenye barabara kubwa. Kaa kulia, wanaokupita watapita kushotoni mwako, na kengele wanayopiga ni taarifa tu. Usichukulie kwamba umetukanwa, wala usigeuke kumtazama, maana ukigeuka usukani nao unageuka. Kuendesha wawili ubavu kwa ubavu kunaruhusiwa, lakini mtu akitaka kupita mmoja arudi nyuma. Usisimame katikati ya njia kwa ajili ya simu au kumsalimia mtu. Toka pembeni kwanza. Ukitaka kukata kona toa mkono, na utoe mapema. Kuna pikipiki ndogo zenye kibao cha namba cha buluu zinazoruhusiwa kwenye njia nyingi za baskeli, na baskeli za umeme zinazokwenda hadi kilomita 25 kwa saa zimo humo humo, kwa hivyo kabla ya kuhama upande tazama nyuma kila mara.

Simu mkononi ni kosa tangu Julai 1, 2019. Si kuongea tu, hata kuishika unapoendesha. Ukiifunga kwenye kishikio cha usukani kwa ajili ya ramani, sawa. Faini yake inazidi yuro 100, na kwa mwanafunzi hizo ni fedha za chakula cha wiki kadhaa. Polisi hawajadiliani nawe. Wanachukua jina na anwani, barua inakuja nyumbani, na ukichelewa kulipa inaongezeka.

Kuhusu malori naomba unisikilize vizuri zaidi kuliko mahali pengine popote. Lori linalokata kona ya kulia ni hatari kubwa kwa mwendesha baskeli, kwa sababu dereva aliye juu haioni sehemu ya ubavuni mwake, ijapokuwa ana vioo. Kwenye taa nyekundu usijipenyeze kuliani mwa lori. Kaa nyuma kabisa, au nenda mbele mpaka umwone dereva usoni. Usipomwona yeye, yeye hakuoni. Hata kama zamu ni yako, hata kama taa yako ni ya kijani, lori likiwa na dalili ya kukata kulia liache lipite. Hapa pekee ndipo ninapokuambia urudie adabu ya Makunduchi.

Sasa breki. Baskeli nyingi za bei nafuu kule, hasa zile za fremu ya chini, breki yake ya nyuma imo ndani ya habu ya gurudumu na hupigwa kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume. Ukitafuta hendeli ya breki ya nyuma kwenye usukani huikuti. Pengine ipo moja tu ya mbele, pengine hakuna hata hiyo. Sisi tumezoea kuzungusha pedeli nyuma bila ya madhara yoyote, tunaposubiri, tunapokaribia tuta, tunapotaka kuiinua pedeli ya mguu wa kuondokea. Kule mzunguko huo mdogo unalikamata gurudumu, na kwenye njia yenye majani mabichi baskeli inalala nawe. Siku utakayoipata baskeli yako, usiingie nayo njiani. Ipeleke kwenye uwanja wa maegesho, uzunguke taratibu, ukanyage nyuma kidogo kidogo mpaka mguu ujue kipimo. Ukisimama kwenye taa, hakikisha pedeli moja iko juu kabla gurudumu halijasimama kabisa. Usipowahi, inua nyuma ya baskeli na uisukume pedeli mbele kwa mguu. Kama baskeli yako ina hendeli mbili, kwa kawaida ya kule ile ya mkono wa kushoto ndiyo ya gurudumu la mbele. Baskeli kongwe zetu za vyuma zilikuwa kinyume, ya mbele ilikuwa kulia. Jaribu kila moja peke yake kwa mwendo mdogo kabla ya kuziamini.

Kununua: mtumba, mwanangu, na uununue dukani. Baskeli mpya inayong'ara ni mwaliko kwa mwizi, na wizi wa baskeli Uholanzi ni mkubwa mno. Ni nchi yenye baskeli nyingi kuliko watu, zaidi ya milioni 20 kwa watu wasiozidi milioni 18 na ushee, na kila mji una wezi wake. Mtumba mzuri kwa fundi mwenye duka ni kama yuro 100 hadi 200, na mara nyingi anakupa dhamana ya miezi michache. Septemba wanafunzi wote wapya wanatafuta baskeli kwa wakati mmoja, kwa hivyo ukiweza kufika hata wiki moja kabla, bei na uchaguzi vitakuwa upande wako. Zipo pia kampuni zinazokodisha kwa mwezi na kukutengenezea ikiharibika. Kwa mtu asiyejua kushika spana hilo ni jambo zuri, lakini wewe uliyekulia karibu na mafundi utakuwa unalipia kazi unayoiweza.

Usinunue kwa mtu barabarani anayekupa baskeli kwa yuro 20. Bei hiyo inatosha kukuonyesha kwamba imeibwa, na sheria ya Uholanzi inamhesabu mnunuzi aliyepaswa kushuku kuwa naye ana kosa. Polisi wana tovuti iitwayo Stopheling, unaandika namba ya fremu na inakuonyesha kama baskeli imeripotiwa kuibwa. Namba hiyo iko chini ya kiti au karibu na pedeli. Iandike, na uweke risiti. Funga kwa kufuli mbili kila unapoiacha: ile ya duara iliyokaa kwenye gurudumu la nyuma, na mnyororo mzito unaoshika fremu pamoja na chuma kilichochimbiwa chini. Mnyororo wa yuro 40 kwenye baskeli ya yuro 120 si ubadhirifu. Na egesha panaporuhusiwa tu. Karibu na stesheni na katikati ya miji mikubwa, baskeli iliyoachwa nje ya sehemu yake huchukuliwa na manispaa, na kuikomboa kunagharimu pesa na nusu siku.

Ujuzi mmoja wa nyumbani utakuheshimisha: kuziba pancha. Dukani wanaweza kukutoza yuro 15 au zaidi kwa pancha moja. Valvu za baskeli zao za kawaida ni za aina ile ile ya Dunlop unayoijua kwenye Phoenix zetu, kwa hivyo huhitaji kujifunza kitu kipya. Gurudumu la nyuma ni tabu kulitoa kwa sababu ya kasha la cheni na mkono wa breki, na hata wao hawalitoi: wanainyofoa tairi upande mmoja, wanaivuta tyubu nje, wanaziba, wanarudisha. Ndivyo fundi wako wa kijijini anavyofanya. Chukua viraka na gundi, na viinulio viwili vya tairi. Baskeli yenyewe usiipeleke.

Ama baibui. Sheria haikulazimishi helmeti kwa baskeli ya kawaida, kwa hivyo mtandio wako haugombani na kitu chochote. Na baskeli yao ya jadi ilitengenezwa kwa ajili ya nguo ndefu: fremu ya kike iko chini, unapanda bila ya kuinua mguu, cheni imefunikwa yote ndani ya kasha, na pembeni mwa gurudumu la nyuma kuna ngao inayozuia koti au sketi isiingie kwenye spoki. Unaponunua, dai vitu hivyo viwili, kasha na ngao, na uhakikishe ngao haijapasuka. Baibui la kitambaa cha kuteleza lenye upana mkubwa bado ni hatari penye upepo. Livae lile jembamba kiasi, suruali chini yake, na ncha zake uzikalie. Mtandio ubanwe vizuri, usiwe na ncha ya kupepea mbele ya macho. Kofia ya koti ndiyo mbaya zaidi kuliko mtandio, kwa sababu ukigeuza kichwa kutazama nyuma kofia haigeuki, na wewe unaitazama kofia. Pia angalia urefu wa kiti. Waholanzi ni warefu, na baskeli nyingi za mtumba zimekatwa kwa vipimo vyao. Ukikaa kitini ncha za miguu yote miwili ziguse chini. Muuzaji akikuambia utazoea, nenda duka jengine.

Baridi unaiogopa kuliko inavyostahili, na upepo huuogopi kabisa, wakati huo ndio mlima wa Uholanzi. Nchi ni tambarare, hakuna cha kuuzuia, na mara nyingi unatoka kusini-magharibi. Wewe unayejua kusi likikaza utauelewa, ila kule unakuja na mvua. Chagua baskeli yenye gia 3 angalau. Nunua suti ya mvua, koti na suruali, ikae kwenye mkoba siku zote, na weka kwenye simu programu ya Buienradar inayoonyesha mvua iko wapi na itafika lini. Utazoea kusubiri dakika 10 mlangoni mpaka wingu lipite. Glavu ni muhimu kuliko koti nene, kwa sababu mwili unapata joto kwa kupiga pedeli lakini vidole vinakufa ganzi na haviwezi kubana breki. Kuanzia Oktoba majani yanaanguka na kufanya utelezi. Kuanzia Disemba kuna asubuhi ambapo maji yameganda juu ya lami na huyaoni. Siku hiyo usikate kona kwa kasi na usibane breki ya mbele kwenye kona. Ukiona Waholanzi wenyewe wameshuka na wanakokota, shuka na wewe. Siku hizo chache mama ana haki, panda basi.

Giza litakushangaza zaidi. Kwetu jua linazama karibu saa ile ile mwaka mzima. Mwishoni mwa Disemba kule jua linachomoza karibu saa 2:45 asubuhi na kuzama kiasi cha saa 10:30 jioni, kwa hivyo utakwenda darasani gizani na kurudi gizani. Taa si hiari: nyeupe au ya manjano mbele, nyekundu nyuma, na isiwe ya kumetameta. Taa ndogo za kubandika zinaruhusiwa, unaweza kuzifunga kifuani na mgongoni, lakini mkoba au ncha ya mtandio isizifunike. Juu ya hizo baskeli iwe na kiakisi chekundu nyuma, viakisi vya manjano kwenye pedeli, na vyeupe au vya manjano kwenye magurudumu au ubavuni mwa tairi. Polisi hufanya misako ya taa kila majira ya baridi. Na wewe unayevaa nguo nyeusi, ongeza kizibao chenye milia ya kung'aa. Hilo sheria haikulazimishi, nakuomba mimi.

Mama yako anauliza kama kuna usalama, na anastahili jibu la kweli. Uholanzi haikuzaliwa hivi. Miaka ya 1950 na 1960 gari zilijaa, barabara zikapanuliwa kwa ajili yao na baskeli zikasukumwa pembeni. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani, na kati yao zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wazazi wakaingia barabarani kuandamana, wakajiita Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto. Mwaka 1973 mafuta yakapanda bei na serikali ikapiga marufuku gari siku za Jumapili kwa muda. Shinikizo hilo la wazazi pamoja na uhaba wa mafuta vilibadilisha namna miji inavyojengwa, na hiyo lami nyekundu utakayopita ni matokeo yake. Naisema hadithi hii kila ninapopata nafasi, kwa sababu watu wetu hudhani zile ni tabia za Wazungu tangu azali. Unguja ina safari fupi, ardhi tambarare katika sehemu kubwa, na watu wanaoendesha baskeli kwa haja. Tumeweka matuta Jozani ili kima punju wavuke salama, na ni jambo jema sana. Natamani watoto wa skuli wa Muyuni na Kitogani nao wapate ukingo wao wa kupita bila ya kuingia majanini kila gari inapokuja. Ukirudi na shahada yako, hata kama ni ya kilimo, hilo utakuwa umeliona kwa macho, na utaweza kulisemea.

Jengine la usalama ni la kisheria. Utasikia wanafunzi wakisema kwamba kule gari ikimgonga mwenye baskeli, dereva ana kosa siku zote. Si hivyo kamili. Kifungu cha 185 cha sheria yao ya barabara kinamtaka mwenye gari amlipe fidia mwenye baskeli, kwa mtu mzima angalau nusu ya hasara katika hali nyingi, hata kama mwenye baskeli naye alichangia. Hicho ni kifungu cha fidia. Hakikupi ruhusa ya kupita taa nyekundu wala hakikurudishii mguu. Na wewe ukimgonga mtu kwa miguu au ukaikwaruza gari, utadaiwa. Kata bima ya dhima kwa wengine ukifika. Ni yuro chache kwa mwezi, na Waholanzi wengi wanayo.

Kabla hujaondoka fanya mazoezi mawili hapa hapa, kwenye njia tulivu baada ya Alasiri. La kwanza, endesha kwa mkono mmoja huku mwengine umeunyoosha, moja kwa moja bila ya kuyumba, kisha ubadilishe. Wengi wetu hatujawahi kutoa ishara kwa mkono na usukani unatucheza. La pili, geuza kichwa utazame nyuma, usome kilichopo, urudishe macho mbele, baskeli ikiwa bado iko kwenye mstari wake. Lifanye kwa bega la kushoto zaidi, kwa sababu kule ndilo la kona kubwa. Lakini usijaribu kuendesha upande wa kulia wa barabara ya Makunduchi kwa kisingizio cha mazoezi, hata kama hakuna mtu.

Wageningen yenyewe ni mji mdogo, unaweza kuuvuka kwa muda mfupi. Kuna kilima upande wa mashariki unapoelekea Arnhem, na ukifika juu yake utakumbuka kwamba nilikuambia gia 3. Ukipata Jumamosi ya jua vuka mto Rhine kwa kivuko cha Lexkesveer pamoja na baskeli yako, au uende hifadhi ya De Hoge Veluwe, ambako ukishalipa kiingilio kuna baskeli nyeupe za bure za kutembelea ndani. Ukitaka kwenda mbali bila ya ramani, tafuta vibao vyenye namba kwenye njia panda za mashamba. Andika namba unazotaka kupita kwa mpangilio, kisha ufuate moja baada ya moja.

Kuhusu Rotterdam: Wageningen haina stesheni ya treni. Stesheni iko Ede, inaitwa Ede-Wageningen, kama nusu saa kwa baskeli kwenye njia nzuri, na basi pia lipo. Baskeli nzima inaingia kwenye treni kwa tiketi yake maalumu, lakini siku za kazi hairuhusiwi kati ya saa 12:30 na saa 3:00 asubuhi, wala saa 10:00 hadi saa 12:30 jioni, isipokuwa Julai na Agosti. Ile ya kukunja inaingia bure wakati wote. Ushauri wangu ni kuiacha baskeli yako Ede kwenye maegesho yenye walinzi, upande treni mikono mitupu kupitia Utrecht, na mtoto wa khaloo yako akuazime ya kwake. Rotterdam ina tramu, kitu ambacho Wageningen hakipo, na reli zake zina ufa wa upana wa tairi ya baskeli. Zivuke kwa kukingama, karibu pembe mraba, usukani umenyooka na bila ya kubana breki juu ya chuma. Tramu inakutangulia hata ikitokea kushotoni mwako, na haiwezi kukukwepa. Mvua ikinyesha na reli zikawa nyingi mbele yako, shuka, ukokote mpaka ng'ambo, ndipo upande tena.